Mizani moja iliyozidi

Leo mchana nilikuwa napanga vitu vya marehemu baba hapa Jinja, nikakuta daftari langu la mashairi la 2016.

La kwanza ni la safari ya Kampala. Wakati ule daraja jipya la Nile lilikuwa bado (lilifunguliwa 2018), magari yanapita juu ya bwawa la Nalubaale. Nikaandika:

"Juu ya bwawa tunapita, maji yanashuka chini"

Hebu hesabuni. Kipande cha kwanza kina mizani (silabi) 9 badala ya 8. "Twapita" badala ya "tunapita" ingetosha.

Nimeshika kalamu nisahihishe, mkono ukagoma.

Chini ya "tunapita" kuna alama ya penseli ya baba. Alikuwa akilighani barazani jioni, na akifika hapo analimeza neno harakaharaka ili mahadhi yasivunjike.

Miaka yote ile hakuniambia nimekosea. Jamani.

Najua wakubwa wamerudia kazi zao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapa kwetu Makerere, alitoa riwaya ya A Grain of Wheat 1967, na 1986 likatoka toleo alilolirekebisha. Lakini la kwanza lilikwisha kuchapwa, watu wanalo. Daftari langu ni hili moja tu.

Nimejaribu kunakili shairi kwenye karatasi nyingine. Nimefika "twapita", nikalisoma kwa sauti. Limenyooka kabisa, ila baba simsikii tena humo.

Ndugu zangu mnaotunga, ninyi mngeligusa? Niambieni, daftari bado liko wazi mezani.