Nilivyochagua mvinyo wa sendofu na ushauri niliougomea

Ushauri ulioniudhi kuliko wote nilipokabidhiwa vinywaji vya sendofu ya mdogo wangu ni huu: mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji, unanywewa kwa joto la chumbani. Aliniambia muuza duka, akaniambia mweka hazina wa kamati, akaja kunirudia shemeji kwa sauti ya mtu aliyewahi kufanya kazi hotelini. Chumbani kwa nani? Kanuni hiyo ilizaliwa Ulaya, kwenye nyumba za mawe zisizo na mitambo ya kupasha joto, ambako chumba kilikuwa na nyuzijoto 16 au 18. Sebule ya Tabata, Dar es Salaam, mwezi wa Februari inavuka 30 bila shida. Mvinyo mwekundu ukifika nyuzi 30, pua inakutana na kilevi tu. Harufu ya matunda imefunikwa, ulimi unaungua, na mnywaji anasema chupa ni mbaya wakati chupa ya watu haina kosa.

Halafu kuna ushauri wa bei. Baba mdogo, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati, aliniambia, "Mwanangu, usituaibishe mbele ya wakwe. Chukua chupa ya gharama, basi." Mwingine akasema niangalie chupa nzito yenye kitako kilichobonyea ndani sana. Mwingine akataka chupa yenye neno "Reserve" kwenye lebo, na mwingine akataka wa zamani, eti mvinyo unavyozeeka ndivyo unavyokuwa mtamu. Niliwasikiliza wote kwa heshima, maana ni wakubwa zangu na michango walitoa wao, lakini hakuna hata moja kati ya hayo niliyoyafuata. Kitako kilichobonyea hakimwambii mtu chochote kuhusu kilichomo. Neno "Reserve" Marekani halina maana yoyote kisheria, kiwanda kinaliandika kikipenda. Ni tofauti na Hispania, ambako mvinyo mwekundu wa eneo la Rioja ukiitwa Reserva lazima uwe umekaa miaka 3 kabla ya kuuzwa, na angalau mmoja kati ya hiyo ukiwa kwenye pipa. Na kuhusu uzee, sehemu kubwa ya mivinyo iliyopo madukani imetengenezwa inywewe ndani ya miaka michache. Ukiiweka kabatini ikae miaka kumi, inakufa.

Nilianza na duka kabla ya kuangalia lebo yoyote, na hapa ndipo ninapowasisitizia wenzangu wa Pwani kuliko mahali pengine popote. Joto na jua vinaua mvinyo, na maduka yetu mengi hupanga chupa nzuri dirishani ili zionekane. Duka la kwanza niliingia saa nane mchana. Chupa zilikuwa zimesimama kwenye rafu ya kioo, jua linazipiga ubavuni. Nikachukua moja nyeupe, nikaipeleka kwenye mwanga. Rangi ilikuwa imeelekea ile ya chai ya rangi iliyochujuka, wakati dada yake wa mwaka uleule kwenye rafu ya nyuma alikuwa bado na rangi ya majani makavu. Nyekundu yake nayo nikaipapasa shingoni, kidole kikanata. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kikainua ile karatasi ya plastiki, na mvinyo ulikuwa umevuja ukakaukia pale. Huo umepikwa na joto, na bei iwe elfu kumi na tano au laki, ni hasara. Nikamrudishia kijana, nikamshukuru, nikatoka. Duka nililoliamini hatimaye lilikuwa dogo, liko ndani ndani, halina mapambo, ila kiyoyozi kinafanya kazi mpaka usiku, chupa za vizibo vya gome zimelazwa, na mwenye duka anajua kila katoni iliingia lini. Dada huyo mwenye duka nikamuuliza ni aina gani inatoka haraka, kwa sababu kinachotoka haraka hakikai kikaharibika. Bei zake zilikuwa juu ya wenzake kwa elfu mbili tatu hivi. Nililipa.

Sasa ikabaki kuamua tunywe nini, na kamati yangu ilikuwa na watu wa kila mdomo. Nikaona nikiwaita tuonje mezani kwa kawaida, nimekwisha. Baba mdogo akishasema "huu mtamu", nani atafungua kinywa abishe? Na lebo ikionekana, watu wataonja bei. Kwa hiyo nilifanya hivi, na nitaisimulia yote maana nilijivunia na bado najivunia.

Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa mama, nikazivisha chupa zote soksi ndefu za shule za wanangu, kuanzia kitako mpaka shingoni, nikafunga na raba bendi. Kila soksi ikabandikwa herufi. Vifuniko nikavitoa mwenyewe jikoni, maana kifuniko cha kuzungusha na kizibo cha gome navyo vinasema siri. Glasi zikawa za aina moja. Mezani maji na mkate mtupu, hakuna karanga, hakuna sambusa, kwa sababu chumvi na viungo vinabadilisha ulimi. Kila mtu akapewa karatasi na kalamu, na sharti likawa moja: andika kwanza, maneno baadaye. Baba mdogo alicheka, akasema hajafanya mtihani tangu aache shule, lakini aliandika.

Humo kwenye soksi kulikuwa na Bordeaux ya Ufaransa ambayo mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyependekeza, ya bei ya kuumiza. Kulikuwa na nyekundu ya zabibu ya Makutupora kutoka Dodoma, isiyo na sukari, na nyingine tamu ya hukohuko. Kulikuwa na nyeupe ya zabibu ya Chenin Blanc, yenye utamu kidogo. Na kulikuwa na nyekundu ya Pinotage ya Afrika Kusini, ile zabibu aliyoitengeneza Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Pinotage hiyo niliiweka mara mbili. Chupa mbili za katoni moja, soksi B na soksi E. B ilitoka kwenye friji baada ya nusu saa hivi. E niliiacha mezani karibu na dirisha tangu asubuhi, kwenye joto lile la chumbani tulilohubiriwa.

Karatasi ziliporudi nilizisoma kwa sauti. Shemeji kwenye B aliandika kwamba una matunda, umetulia, "huu ni wa nje kabisa". Kwenye E akaandika "spiriti, wa bei rahisi". Mama mdogo aliipa B nafasi ya juu, na E akaandika kwamba unakwaruza koo. Mweka hazina alisema kati ya B na E hata mtoto anajua upi ni wa maana. Nikavua soksi zote mbili polepole, nikazisimamisha chupa pamoja katikati ya meza. Kimya kikapita, halafu mama akaanza kupiga makofi. Tangu dakika ile hakuna mtu wa kamati aliyenitajia tena joto la chumbani.

Wala ndugu zangu hawakuwa na ndimi mbovu, na nawatetea mbele ya yeyote. Robert Hodgson, profesa mstaafu aliyekuwa pia na kiwanda chake kidogo cha mvinyo California, aliwapima majaji wa mashindano makubwa ya jimbo hilo kwa kuwamiminia mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile, katikati ya mingine, bila wao kujua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba kama jaji mmoja tu katika kumi ndiye aliyeweza kuupa mvinyo huo daraja lilelile kila mara. Hao ni watu wa kazi hiyo. Na hata mabingwa wa juu kabisa wanagombana: mvinyo wa Château Pavie wa mwaka 2003, kutoka Saint-Émilion kulekule Bordeaux, Mmarekani Robert Parker aliupa alama za juu sana, na Mwingereza Jancis Robinson akaupa 12 kati ya 20. Mvinyo mmoja, wataalamu wawili wanaoheshimika duniani. Kwa hiyo mtu wa dukani akikuambia "huu ndio mzuri", muulize mzuri kwa nani na kwa chakula gani.

Lakini sikubaliani na wanaosema basi kila kitu ni ladha ya mtu. Hapana. Kuna kasoro, na kasoro haina mjadala. Mvinyo ulioanza kuwa siki utausikia puani. Mvinyo ulioharibiwa na kizibo unanuka kadibodi lililolowa, na matunda yake yanakuwa kama yamezimwa. Uliopikwa na jua nimeshaueleza. Chupa ya namna hiyo irudishe dukani bila aibu. Ukishaziondoa hizo, na ukishanywesha kwa baridi inayostahili, tofauti zinazobaki ndizo za kweli, na hizo lazima uziheshimu.

Kwa mfano ile Bordeaux. Wengi waliiweka mkiani. Ilikuwa changa, ina ukakasi ule wa kutafuna pera bichi, unaokausha ulimi na fizi. Ukakasi huo unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, unashikana na protini za mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Shangazi peke yake aliipa nafasi ya kwanza. Nikajiuliza, nikakumbuka: shangazi anakunywa chai ya rangi nzito bila sukari, na kahawa chungu ya kashata bila kashata. Nikapitia karatasi zote upya kwa jicho hilo. Waliozoea chai ya sukari vijiko vitatu walikuwa wamechagua tamu ya Dodoma au ile Chenin, na wanywaji wa kahawa chungu walikuwa kwenye Bordeaux na Makutupora isiyo na sukari. Haikuwa bila upungufu, lakini ilinisaidia kuliko lebo zote. Nikampigia dada wa upande wa wakwe, nikamuuliza kwa adabu wazee wao wanakunywaje chai. Alishangaa, akanijibu.

Jioni ileile tulichoma mbuzi, nikawarudishia Bordeaux iliyobaki pamoja na nyama yenye mafuta. Baba mdogo akasema umelainika. Haukulainika, ila protini na mafuta ya nyama yaliupunguzia ukakasi. Kwa pilau na pilipili mambo yanageuka: kilevi kikali na ukakasi vinaongeza moto wa pilipili, na mweupe wenye utamu kidogo unautuliza. Mambo haya usiyaonje kwa mkate peke yake ukadhani umemaliza.

Kuhusu Dodoma niseme neno, kwa sababu tulibishana sana. Shemeji aliiandika Makutupora ya soksi kuwa haimfai, na nilipoivua soksi akashikilia msimamo wake. Nilimheshimu kwa hilo. Mimi naipenda, ina uzito na ladha yake ya kwetu. Kule mzabibu haupati baridi ya kuulaza kama Ulaya, mkulima anaupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo shamba la Ufaransa haliwezi. Ila ukweli ni kwamba chupa za Dodoma hazifanani. Kuna zilizotengenezwa kwa uangalifu, na kuna tamu kali za kulewesha haraka. Anayesema "nimeonja wa Dodoma sikuupenda" ameonja chupa moja. Anayesema tuununue kwa sababu ni wetu naye hajanishawishi. Nilinunua niliouonja.

Mwisho wa yote nilichukua Chenin nyingi kwa ajili ya pilau, Pinotage ya kutosha, na kiasi cha Makutupora na Bordeaux kwa meza za wazee wa kahawa chungu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano, usimimine mpaka ukingoni. Nilikubaliana na dada wa duka kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa atazipokea, kwa maandishi, na alizipokea. Walokole na ndugu zetu Waislamu waliandaliwa juisi ya ukwaju na tende iliyopikwa nyumbani siku hiyohiyo, kwa uzito uleule wa heshima.

Ukumbini nilipanga madeli mawili, moja la nyeupe lenye barafu na maji, kwa sababu maji na barafu pamoja yanapooza haraka kuliko barafu peke yake, na jingine la nyekundu, barafu kidogo tu. Mhudumu mmoja akaanza kuzitoa nyekundu na kuzipanga mezani chini ya taa. "Dada, nyekundu haikai kwenye barafu," akanielekeza. Kabla sijajibu, shemeji alikuwa ameshafika, ameshika chupa mbili, anazirudisha kwenye deli na kumweleza kijana habari ya soksi B na soksi E kuanzia mwanzo. Makutupora lakini hakuigusa usiku ule, na kwake nikienda napeleka Pinotage.