Babu amebaki na kuku

Duka la vyuma ninakotunza stoo hapa Lubumbashi ni la mume na mke kutoka Hunan, mkoa wa China. Mtoto wao yuko mjini Changsha, mkoani humo, analelewa na bibi mzaa mama. Babu amebaki kijijini. Mama patroni, yaani huyo mke mwenye duka, aliponieleza hivyo nikamuuliza: wazee wamegombana? Akacheka sana. Baba hataki ghorofa, akasema, na kuku wake watalishwa na nani?

Nilizoea kusikia kwamba kwa Wachina mzee hukaa kwa mtoto wa kiume, mkamwana akimpikia. Kumbe siku hizi wengi wanahamia mjini kwa watoto wao ili wao wenyewe wapike, na kupeleka wajukuu shule. Kuanzia mwaka 1980 hivi hadi 2015 familia nyingi, hasa za mjini, ziliruhusiwa mtoto mmoja tu. Leo huyo mmoja na mwenzake wana wazazi wanne wa kuangalia. Na bima ya matibabu ya mzee iko kule alikoandikishwa, kwa hiyo akiugua mkoa mwingine, usumbufu. Mwaka 2013 ilianza hata sheria ya kuwataka watoto wanaoishi mbali waende kuwaona wazazi mara kwa mara. Nilimsimulia mama yangu mzazi. Akasema, "Waipeleke kwa yaya yako, mkubwa wenu, kule Kinshasa."

Kwetu Katuba, hapa hapa Lubumbashi, mama hahami. Parseli, yaani kiwanja na nyumba, ni yake, aliachiwa na baba, sisi ndio tunaorudi. Kaka alijenga aneksi nyuma ya mwembe akaoa humo humo. Dada mdogo alipoachika akaja na watoto wake, akapewa chumba cha mbele bila maswali (maswali yalikuja baadaye, na mama anayajua kuuliza). Lango anafunga yeye. Unga wa bukari (ugali) anapima yeye.

Mama wa patroni, kule Changsha, akitaka kusogeza kabati hupiga simu kwanza. Akiba yake na mumewe ndiyo iliyolipa malipo ya mwanzo ya ile nyumba, ila hati ina majina ya watoto. Watu hapa hupenda kusema wageni hawaheshimu wazazi. Mimi heshima siipimi, natazama hati.

Ndiyo maana mdogo wetu anayekaa mtaa wa Golf alipotaka tuuze parseli, amjengee mama chumba kizuri kwake, chenye vigae na maji ndani, nilikataa kabla hajafungua ramani.