Nukta moja tu: nilivyoweka neimseva zangu mwenyewe

Ukinunua domeni, msajili anakupa neimseva zake, yaani seva za DNS zinazowaambia watu domeni yako iko kwenye anwani gani ya IP, na maisha yanaendelea, wala hakuna ubaya. Mi nilikuwa na viseva viwili vimekaa tu havina kazi ya maana, kimoja huku kingine kule, nikasema ngoja domeni yangu ijibiwe na mashine zangu mwenyewe, nione inakuwaje. Nilidhani kazi kubwa itakuwa kuinstoli. Wapi! BIND, ile programu ya neimseva, imeingia ndani ya dakika tano, kilichonila muda ni vitu vidogo vidogo ambavyo hata havikupigii kelele vikiharibika.

Cha kwanza ni habari ya kuku na yai. Tuseme domeni ni example.com na unataka neimseva ziitwe ns1.example.com na ns2.example.com. Mtu akitafuta example.com anaenda kuuliza seva za .com, zinamwambia kamuulize ns1.example.com. Sawa, ns1.example.com iko wapi? Ili ujue inabidi uulize neimseva za example.com, ambazo ndo hizo hizo unazozitafuta, yaani unazunguka kwenye duara. Dawa yake ni kumpa msajili anwani za IP za hizo neimseva ili ziwekwe kule juu kwa .com, kisha jibu linatoka na jina na anwani yake kwa pamoja. Wenyewe wanaziita rekodi za gundi na jina limekaa kweli. Kosa langu lilikuwa kujaza majina kwenye kile kisanduku cha neimseva cha kawaida, kikawa kinakataa tu, nikahangaika nacho jioni nzima, kumbe kuna ukurasa mwingine kabisa wa kusajili hosti na IP zake, unaanzia huko ndo unarudi kwenye kisanduku. Kwa msajili wangu huo ukurasa ulikuwa umefichwa chini ya menyu ya mipangilio ya ziada, sijui walikuwa wanamficha nani.

Halafu ujue pale kwenye .com rekodi za NS, zile zinazotaja neimseva zako, zina TTL (muda ambao jibu linaruhusiwa kutunzwa kwenye kashe) ya sekunde 172800, yaani siku mbili nzima. Kwa hiyo ukihama usizime neimseva za zamani siku hiyo hiyo, ziache ziendelee kujibu, kuna watu bado wameshika jibu la juzi.

Sasa nukta. Kwenye faili la zoni, lile lenye rekodi zote za domeni yako, jina lisiloishia na nukta linaongezewa domeni mwishoni. Mi niliandika hivi, nikitaka www iwe jina lingine tu la example.com:

www IN CNAME example.com

Nikapitisha named-checkzone, programu ya kukagua hilo faili, ikasema OK, nikaridhika. Domeni tupu inafunguka, ukiweka www hakuna kitu. Nimekagua fayawoli, nimerestati seva ya wavuti, nimelaumu simu yangu, mwisho ndo nikapiga dig, amri ya kuiuliza DNS moja kwa moja, nikaona jibu linasema www inaelekea example.com.example.com. Nukta moja jamani! Na ile programu ya kukagua haikuwa na kosa, manake kwa upande wa sarufi faili lilikuwa sahihi, ni mimi tu niliyeandika kitu nisichokimaanisha.

Ya seva ya pili ndo ilinifundisha adabu. Ile ya pili haiandikwi kwa mkono, inanakili zoni toka kwa ya kwanza, na inajua kuna mabadiliko kwa kuangalia namba ya siriali kwenye rekodi ya SOA, ile rekodi kuu ya zoni. Wengi wanaiandika kwa tarehe na tarakimu mbili za mwisho, mfano 2024031501, ukibadilisha tena siku hiyo inakuwa 02. Siku moja nimehamisha tovuti kwenda IP mpya, nikabadilisha rekodi ya A (inayotaja IP ya tovuti), nikareload, siriali nikaisahau. Seva ya kwanza ikawa inatoa IP mpya, ya pili ikiangalia inaona namba ni ile ile, ikajisemea hakuna jipya, ikaendelea kugawa IP ya zamani. Basi mwenzangu mmoja anaiona tovuti mpya, mwingine anaona ya zamani, mi kwangu kila kitu safi nikawa nawaambia futeni kashe. Kashe gani, mwenye makosa mimi. Na logi ilikuwa imeshanionya kwamba siriali haijabadilika, sema nani anasoma logi wakati mambo yanaonekana kwenda?

Tangu hapo nikigusa faili nauliza kila seva peke yake:

dig +norecurse example.com SOA @ns1.example.com
dig +norecurse example.com SOA @ns2.example.com

Siriali zisipolingana, silali. Na ukiona ya pili imegoma kabisa kunakili, angalia kama kwenye fayawoli umefungua mlango 53, ule wa DNS, kwa UDP peke yake kama nilivyofanya mimi, manake kunakili zoni kunapita kwenye TCP.

Kitu kingine, hizo seva mbili zisikae nyumba moja. Kuna mwongozo wa mwaka 1997, RFC 2182, unaosema zitenganishwe kimtandao na hata kijiografia, ila bado utakuta mtu ana ns1 na ns2 kwenye mashine moja yenye IP mbili, hapo mashine ikianguka zote zimeanguka, sioni umefanya nini zaidi ya kujaza fomu.

Na tafadhali weka recursion no kwenye mipangilio ya BIND. Ukiiacha seva yako imjibu yeyote kuhusu domeni yoyote, watu wabaya wanakutumia swali dogo lenye anwani ya kughushi, we unamwaga jibu kubwa kwa mtu asiyehusika, ukija kushtuka kampuni inayokukodishia seva keshakuandikia barua. NSD, programu nyingine ya neimseva, haina hata hiyo habari, inajibu za kwake tu, na kusema kweli ningeanza upya leo ningechukua hiyo.

DNSSEC, ile ya kutia sahihi majibu ya DNS ili yasighushiwe, bado sijaigusa. Sahihi zake zina tarehe ya kuisha, na mtu aliyesahau kuongeza siriali sijui kama namwamini kukumbuka hilo.