Nilikuwa Reykjavik benki zilipoanguka

Jumanne iliyopita, baada ya Isha, nilikuwa barazani Kibokoni, Mombasa, na kikombe changu cha pili cha kahawa chungu. Mtoto wa jirani, kijana wa chuo, akanisogezea simu. "Ami, hebu soma hii." Palikuwa na picha ya mlima wa theluji, na juu yake maandishi makubwa: Aisilandi ililifukuza Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ikafuta madeni yake yote, ikawatia jela wakuu wa benki, na leo inaneemeka. Chini ya picha Wakenya wenzetu walikuwa wamejaa: nasi tufanye hivyo hivyo, twangoja nini?

Nikamrudishia simu yake. "Mwanangu, mimi nilikuwako."

Baraza zima likanigeukia. Nikasimulia mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe na kuinua dele lake, na nilikuwa sijafika hata nusu. Kwa hivyo naandika hapa.

Kilichonipeleka huko ni samaki. Tangu 1998 nchi ile ilikuwa ikiendesha mafunzo ya uvuvi chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa: miezi sita Reykjavik, mji mkuu wao, kwa watu wa nchi kama zetu, gharama juu yao. Mimi wakati huo nilikuwa afisa wa uvuvi, kazi yangu ni kuzunguka bandari za wavuvi kutoka Vanga hadi Kilifi na mizani na daftari, nikipima samaki wanaoshushwa. Nikachaguliwa. Niliondoka Mombasa Septemba 2008, mwaka ule ule tulioanza kwa kuchinjana sisi kwa sisi baada ya uchaguzi. Wenyeji wangu walipojua natoka Kenya walinipa pole. Hazikupita wiki nne, ikawa mimi ndiye ninayewapa pole wao.

Tarehe 6 Oktoba, siku ya Jumatatu, waziri mkuu Geir Haarde alihutubia taifa kwenye televisheni. Kiaisilandi sikijui. Nilikuwa nikiangalia nyuso za watu waliokaa nami. Mwisho kabisa nikamwona mwalimu wetu mmoja, mtu aliyekwisha kukaa baharini miaka na miaka, akifunika mdomo kwa kiganja. Nikamwuliza amesema nini. Akaniambia: amesema Mungu aibariki Aisilandi. Kwangu mimi dua si jambo la kushtua, lakini kwao kiongozi kumtaja Mungu namna ile kwenye televisheni ilikuwa sawa na nahodha kuwaambia abiria wavae maboya.

Wiki ile benki tatu kubwa zikaanguka moja baada ya nyingine: Glitnir, Landsbanki, Kaupthing. Nchi ilikuwa na watu kama 320,000, wachache kuliko watu wa Likoni na Kisauni ukiwajumlisha, na benki zake zilikuwa zimejivimbisha hadi kama mara kumi ya pato la nchi nzima. Serikali haikuwa na uwezo wa kuziokoa hata ingetaka. Posho yangu ya krona, pesa ya kwao, ikaanza kuyeyuka. Mama alikuwa akingoja nimtumie pesa za kubadilisha mabati, nami nilipokwenda benki nikaambiwa pesa za kigeni huuziwa mwenye tikiti ya safari tu.

Lakini siku iliyonikaa moyoni ni Jumatano, tarehe 8. Landsbanki ilikuwa imefungua akaunti za akiba kwa njia ya intaneti, Icesave, na Waingereza na Waholanzi wengi mno walikuwa wameweka humo akiba zao kwa ajili ya riba nzuri. Benki ilipofungwa, serikali ya Uingereza ikazuia mali zake zilizokuwa kule. Sheria iliyotumika ni ile ya mwaka 2001 ya kupambana na ugaidi. Katika orodha ya hazina yao, jina Landsbanki likaonekana pamoja na al-Qaida na Taliban.

Nieleweke. Uingereza na Aisilandi zote mbili ni wanachama wa NATO, muungano wa kijeshi. Na hii ndogo haina jeshi. Haina kabisa, ina walinzi wa pwani tu. Wenyeji wangu walilia. Vijana wakajipiga picha na watoto wao wachanga, wameshika vibao vinavyowauliza Waingereza, je, mimi nafanana na gaidi? Sahihi zaidi ya 80,000 zikakusanywa kupinga jambo lile. Msichana mmoja wa ofisini kwetu aliniuliza kama mimi naona ni haki. Nikamweleza kuhusu Mombasa: baada ya mabomu ya Nairobi 1998, na ya Kikambala 2002, watu wa mji wangu walipata kujua maana ya jina lako kutiwa kwenye orodha, uzito wa kanzu kwenye uwanja wa ndege, na namna jirani anavyoanza kukuamkia kwa mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, hatukuwahi kulifikiria hilo kabla ya wiki hii. Sikumchukia kwa kusema kweli.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia siasa yao ya nje kuliko masomo yangu ya samaki, na nikagundua ni somo moja.

Kisiwa kile kilikuwa na mtaji wa aina mbili, mahali kilipo na bahari yake. Kuhusu mahali: wakati wa vita baridi Wamarekani waliweka kambi ya kijeshi Keflavik, na kila Aisilandi ilipobanwa iliwakumbusha wakubwa kwamba kambi yaweza kufungwa. Mwaka 1952 wenye meli wa Uingereza waliposusia samaki wao kwa ugomvi wa mipaka ya bahari, walikwenda wakawauzia Warusi. Mlango wa Moscow ulikuwa unafunguka kila mara kwa sababu Washington ilikuwa inauchungulia. Sasa tazama: Septemba 2006 Wamarekani wakafunga kambi, wakaondoka. Miaka miwili baadaye, Septemba 2008, benki kuu ya Marekani ikazipa Uswidi, Norwe na Denmark nafasi ya kupata dola kwa kubadilishana na pesa zao. Aisilandi haikupewa.

Ndipo tarehe 7 Oktoba, asubuhi, benki kuu yao ikatangaza kwamba Urusi itawakopesha euro bilioni 4. Nchi mwanachama wa NATO! Saa chache tu tangazo likarekebishwa: ni mazungumzo. Ujumbe ukaenda Moscow, na mkopo haukutokea. Ule ujanja wa zamani ulikuwa umepoteza makali, maana pale mahali pao hapakuwa tena na mnunuzi anayeshindana na mwenzake. Tarehe 17 mwezi ule ule wakaingia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kugombea kiti cha Baraza la Usalama, kampeni waliyoiendesha kwa miaka. Uturuki ilipata kura 151, Austria 133, wao 87.

Novemba 19 IMF ikaidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.1. Nchi ya Ulaya Magharibi haikuwa imekwenda kwa IMF tangu Uingereza mwaka 1976. Kwa hivyo yule aliyeandika kwamba waliifukuza IMF, hakika waliipokea, wakakaa nayo meza moja. Nchi nne za Nordiki zikaahidi dola bilioni 2.5 pamoja, lakini pesa zilichelewa, na kila mtu mjini aliamini zinachelewa kwa sababu ya deni la Icesave. Poland ikaahidi dola milioni 200. Wapoland walikuwa wengi katika viwanda vyao vya samaki. Niliwaona kila siku kwenye minofu.

Na Visiwa vya Faroe. Watu chini ya 50,000 wakati ule, visiwa vya mawe na kondoo, nao pia wakiishi kwa samaki, chini ya himaya ya Denmark. Wao wakatoa krona za Denmark milioni 300. Bila masharti ya kuwakalia watu shingoni. Siku habari ilipofika, yule mwalimu wetu alizima kompyuta katikati ya somo, akatoka nje kwenye upepo, akakaa huko muda mrefu.

Barazani nilipofika hapa, mzee mmoja aliyestaafu forodhani aliuliza: "Na kwa nini hao wadogo?" Nilimjibu nilivyoona. Faroe walikuwa wameanguka wenyewe miaka ya 1990, benki zao zikafa, samaki wakapungua, watu wakahama. Walijua njaa ya jirani inavyonuka.

Januari 2009 nilikuwako pia. Tarehe 20, Bunge lao, Althingi, liliporejea vikao. Jua kule siku hizo za Januari linachomoza saa tano kasoro robo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu. Watu walikuja uwanja wa Austurvöllur na masufuria, miko, vifuniko, wakapiga mpaka usiku. Mti wa Krismasi ambao mji wa Oslo ulikuwa ukiwapelekea kila mwaka ukachomwa moto. Siku sita baadaye serikali ikavunjika, na tarehe 1 Februari Jóhanna Sigurðardóttir akawa waziri mkuu. Mwezi uliofuata nilirudi nyumbani, na yaliyosalia niliyafuata kutoka saiba ya Barabara ya Digo.

Deni la Icesave ndilo hasa kijana wetu anapaswa kulisoma. Uingereza na Uholanzi ziliwalipa raia wao, kisha zikaidai serikali ya Aisilandi, kama euro bilioni 4. Gawanya: kiasi cha euro 12,000 kwa kila kichwa, kitoto cha jana kikiwemo, kwa deni la benki binafsi. Bunge lao lilikubali kulipa kwa kura 33 dhidi ya 30. Lakini tarehe 5 Januari 2010 rais wao, Ólafur Ragnar Grímsson, akakataa kutia saini. Katiba yao yasema rais akikataa, muswada unakwenda kwa wananchi. Machi 6 wakapiga kura, na waliosema ndiyo hawakufika asilimia 2. Mkataba ukaandikwa upya, nafuu zaidi. Aprili 2011 wakaukataa tena, karibu asilimia 60. Kesi ikaenda Mahakama ya EFTA, jumuiya ya biashara huria ya Ulaya ambamo Aisilandi ni mwanachama, na tarehe 28 Januari 2013 mahakama ikasema Aisilandi haikuvunja sheria.

Na wenye akiba? Walilipwa. Mali za ile benki iliyokufa ziliuzwa kidogo kidogo, na kufikia 2016 madai ya Icesave yalikuwa yamemalizwa. Kwa hivyo si kweli kwamba walifuta deni. Waliwaambia wadai: vueni kutoka kwenye chombo kilichozama, msivue mifukoni mwa watoto wetu, na mkiona tumekosea, mahakama ipo. Wakuu wa benki kadhaa walifungwa kweli, hilo sipingi.

Kijana akanikatiza hapa. Yeye mwenyewe aliandamana Juni 2024 kupinga muswada wa fedha. "Ami, hata rais wetu hakutia saini." Ni kweli, hakutia. Lakini muswada wetu ulirudi Bungeni, wao walikwenda kwenye sanduku la kura. Naitaka tofauti hiyo ijulikane, kwa sababu mikopo yetu mikubwa imetiwa saini na watu wachache katika vyumba ambavyo hata wabunge wetu hawakuingia, na wajukuu wangu ndio watakaoilipa.

Mengine nayapita upesi. Julai 2009 waliomba kuingia Umoja wa Ulaya kwa kura 33 kwa 28, kama mtu anayekimbilia nyumba yoyote yenye paa wakati wa masika. Mvua ilipokatika, wakaghairi. Machi 2015 serikali nyingine iliandika barua ya kusema haijihesabu tena mwombaji. Kikwazo kikubwa kilikuwa ni bahari, hawakutaka mtu wa Brussels awagawie samaki. Walipatana na Uchina mkataba wa biashara huria Aprili 2013, wa kwanza kwa nchi ya Ulaya. Na Desemba 2011, wakiwa bado na mkopo wa IMF shingoni, waliitambua Palestina kama nchi huru. Siku ile niliipeleka habari barazani mwenyewe, na palikuwa na watu waliosoma Fatiha.

Mzee wa forodhani aliuliza ujasiri huo waliutoa wapi. Nikamwambia waliujifunza baharini. Kuanzia 1958 hadi 1976 waligombana na Uingereza mara tatu kuhusu uvuvi. Manowari zilikuja, wao walikuwa na vijimeli vya walinzi wa pwani na chombo cha kukatia nyavu, ambacho Septemba 1972 walianza kukitumia kukata kamba za meli za kukokota. Februari 1976 wakavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Miezi michache baadaye maili 200 za bahari kutoka pwani zikawa zao.

Na maili 200 hizo, jamani, zina mkono wetu. Januari 1972, Lagos, mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, ndiye aliyewasilisha wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari mbele ya nchi za Asia na Afrika, na mwaka huo huo Kenya ikalipeleka Umoja wa Mataifa. Mwalimu wetu Reykjavik alilijua jina hilo. Mimi, afisa wa uvuvi wa Kenya, nililisikia mara ya kwanza kwake. Niliona uchungu usiku ule, na bado nauona.

Kabla ya kuondoka barazani nilitoa mfukoni sarafu ya krona moja niliyorudi nayo. Upande mmoja pana samaki wao, þorskur, aliyewalisha, na waliyempigania miaka yote hiyo. Kamusi zetu humwita chewa, na mvuvi yeyote wa hapa atakwambia hilo ni kosa. Kijana akaiwekea mwanga wa simu, akaigeuza, akaitazama kwa muda.

"Ami, huyu ana kidevu."

"Ni sharubu," nikamwambia. "Moja tu, chini ya taya. Ndio wanavyomtambua."

Akaomba akae nayo mpaka Ijumaa.