Nani apigiwe simu?

Usiku huu, saa 4:30 kamili, mume wangu amenichoma sindano ya kupevusha mayai. Tunatafuta mtoto kwa IVF, yaani mayai yangu yatarutubishwa kwa mbegu zake maabara. Hii haina mzaha na muda: mayai huvunwa baada ya takriban saa 36, na mkikosea yanaweza kukutwa hayajapevuka, au yameshatoka yenyewe. Muuguzi alikuwa ameandika saa hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya boksi la dawa, kisha akamgeukia mwenzangu: "Shemeji, wewe ndiye mchomaji? Hebu nionyeshe." Akampa bomba tupu na kipande cha sponji. Alirudia mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

Kliniki ya kwanza haikumwona kabisa. Kazi yake ilikuwa kikopo na mlango wa kufunga. Majibu ya mbegu zake niliambiwa mimi, nimfikishie. Ilhali kwa karibu nusu ya wenzi wanaohangaika kupata mtoto, tatizo liko pia, au liko tu, upande wa mwanamume. Halafu tunashangaa jamii kumnyooshea kidole mwanamke!

Kilichoniuma zaidi ni simu. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kikishawekwa kwenye mfuko wa uzazi, unasubiri kama wiki mbili, kila kichomi cha tumbo unakipa maana. Walisema tu "tutawapigia". Wakapiga niko kikaoni kazini. "Pole, ni hasi. Mkitaka kuanza tena, ongeeni na mapokezi." Basi. Nikarudi ndani nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao. Wengi huacha matibabu kwa kuchoka moyo wakati daktari bado anaona nafasi, na mimi nawaelewa.

Hapa tulipo sasa tumepewa fomu: mpigiwe saa ngapi, nani apigiwe, mnataka kuambiwa kwa simu au ana kwa ana. Hilo halihitaji mashine mpya. Maabara zimepiga hatua kubwa tangu Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa IVF, azaliwe mwaka 1978, lakini hata wakati ule, kati ya watatu waliofanikisha kazi ile, mmoja, Jean Purdy, alikuwa muuguzi. (Na ndiye aliyetajwa kidogo kuliko wote, kama kawaida.) Tumejaza saa 12 jioni, tukiwa wote nyumbani, apigiwe yeye.

Si kwamba hapa ni peponi. Ukumbi wa kusubiri bado tunachangia na wajawazito waliokuja kupimwa, na sijui nani aliona hilo ni sawa. Nitawaambia keshokutwa, kabla hawajanilaza kwa dawa ya usingizi.