Nilivyofanikiwa kukusanya nishani za kale za Papa kwa kipato cha kawaida

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Roma, na kilichoniwezesha kukusanya nishani hizi, alama za heshima ambazo Papa huwatunukia watu, si pesa. Ni kujifunza kuzisoma kabla ya kutoa hata senti.

Mwanzoni sikununua kitu. Jumapili, nikitoka misa ya mapema, nilipita soko la Porta Portese, nikishika, nikigeuza, nikiuliza bei na kuaga. Nishani ya Kristo na ile ya Kichokoo cha Dhahabu (kichokoo ni kile kichuma cha kisiginoni cha mpanda farasi) niliziondoa akilini mapema. Tangu 1905 waliopewa ni wachache, na bei zake hazigusiki. Nikabaki na tatu za kutafuta: ya Mtakatifu Gregori Mkuu, iliyoanzishwa na Papa Gregori XVI mwaka 1831, ya Mtakatifu Silvesta ya 1841, na ya Papa Pio IX ya mwaka 1847.

Mwaka ulionisaidia kuliko yote ni 1905, Papa Pio X alipozipanga upya. Kabla ya hapo Silvesta na Kichokoo cha Dhahabu zilikuwa nishani moja, ndiyo maana misalaba ya zamani ya Silvesta ina kichokoo kinachoning'inia kati ya ncha za chini. Zilipotenganishwa, kichokoo kikaondoka, na nyuma ya msalaba mpya ikawekwa miaka miwili kwa namba za Kirumi: 1841 na 1905. Wauzaji wengi hawalijui hili.

Siku moja nikauona msalaba mweupe ndani ya bakuli la vifungo na sarafu kuukuu. Kichokoo kilikuwepo, kidogo kama ukucha wa mtoto. Nikatoa lenzi. Weupe wa misalaba hii ni enameli, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushwa juu ya madini, hivyo ikimeguka huacha ukingo mkali unaometa. Ncha moja ya msalaba ule haikuwa hivyo: weupe wake ulikuwa umefifia na kufura kidogo, dalili ya rangi ya kawaida iliyopakwa kuficha pengo. Nikamwonyesha mzee mwenye meza, akachungulia, akakubali, bei ikashuka. Nikaondoka nao nikitetemeka kwa furaha.

Utepe usiutegemee sana kukuambia umri, maana huchakaa na kubadilishwa. Wa Gregori ni mwekundu wenye kingo za njano. Tazama zaidi pale msalaba unaponing'inia: shada la majani ya kijani ni la raia, silaha zilizopangwa pamoja ni za wanajeshi.

Sivai hata moja. Cheo ni cha yule aliyetunukiwa na Papa, na kununua msalaba sokoni hakunipi heshima hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, nishani ikija na hati yenye jina la mwenyewe, sizitenganishi kamwe. Wapo wanaouza hati huku na msalaba kule ili wapate zaidi, na kila nikiona hivyo naumia, kwa sababu mtu yule anafutika kabisa.

Sasa natafuta nyota ya Pio IX, ile ya buluu yenye miali ya dhahabu na maneno ya Kilatini Virtuti et Merito (kwa wema na ustahili) katikati. Nimeshaziona nzuri, ila hazikuwa na hati. Nasubiri.