Kipupwe, nyuma ya kaunta ya duka la dawa

Saa 1:30 asubuhi nafungua duka, Temeke. Kipupwe kimeingia, na nusu ya wateja wanaongelea puani.

Saa 2:10. Dereva wa daladala: "Dokta, nipe ile ya kupuliza puani." Nauliza ameitumia tangu lini. Wiki tatu. Kila akiiacha pua inaziba kuliko mwanzo, analala mdomo wazi, kisha ananunua nyingine. Hapa sina haraka, hata foleni inung'unike. Oksimetazolini, dawa iliyo ndani ya ile chupa, hubana mishipa midogo ya damu puani. Uvimbe unanywea, hewa inapita ndani ya dakika chache. Ukizidisha siku 3 hadi 5, pua inaizoea, na kila nguvu ya dawa inapokwisha inavimba upya. Mafua yake yalishapona. Kinachomziba sasa ni ile chupa. Nakataa kumuuzia nyingine. Namshauri aache kupuliza tundu moja kwanza, jingine baadaye, asafishe kwa maji ya chumvi ya dukani, na aende kituo cha afya wamwangalie. Anaondoka amenuna. Najua usiku wake utakuwa mgumu, na ninamwonea huruma.

Saa 4. Mama ana mtoto wa miezi 8 anayeshindwa kunyonya kwa pua kuziba. Anataka dawa ile ile ya kupuliza anayotumia baba wa mtoto. Hapana, mama! Namuuzia matone ya maji ya chumvi, atie kabla ya kunyonyesha. Ile ya baba ikae juu kabisa: mtoto akiimeza, hata kidogo, anaweza kusinzia sana na mapigo ya moyo kushuka.

Mchana nahesabu stoo.

Saa 9. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Pua, binti yangu." Nauliza presha. Anayo, na tezi dume pia. Basi hii si yake mpaka daktari wake aridhie.

Saa 11. Mwanafunzi wa chuo, mafua ya jana. Huyu nampa. Penga kwanza, kichwa kikae wima, ncha ielekee upande wa sikio, si ukuta wa kati. Asubuhi na jioni tu. Futa ncha, usimwazime mwenzako. Kwenye boksi naandika kwa kalamu: MWISHO IJUMAA.

Saa 2 usiku nikivuta geti, dereva amerudi. "La kushoto limegoma kabisa, dokta." Namwambia alalie mito miwili, avumilie siku chache. Ananunua maji ya chumvi.